Fundi Mbele na Mkia wa Gari Langu

Shemeji yangu alilikata gari langu mkia bila kuniambia, kisha akaniacha msimu mzima wa mvua nikiamini kwamba ni mimi nisiyejua kuendesha. Huo ndio ubaya alionitendea. Nimeuweka juu kabisa, kama dobi anavyoweka juu ya fungu ile nguo yenye doa baya, ili msomaji asipate taabu ya kuutafuta huko chini.

Mkia wa gari ni kitu gani? Hata mimi sikuzaliwa nikijua. Kuna haya magari madogo ya zamani yenye mlango mkubwa nyuma, ule unaonyanyuliwa juu kama kifuniko cha sufuria. Yakipita barabarani utasema yote ni mapacha. Sivyo. Mengine huvutwa na magurudumu ya mbele tu, na yale ya nyuma hufuata kwa lazima kama watoto wanaopelekwa kuoga. Mengine huvuta kwa magurudumu yote manne, na hayo ndiyo watu huyaita fowili. Injini ya fowili iko mbele kama ya mwenzake, ila chini ya tumbo la gari kuna chuma kirefu kinachotoka mbele kwenda nyuma, na kinapozunguka huyapelekea magurudumu ya nyuma nguvu. Jina lake propela. Kwenye gereji ya shemeji wanakiita mkia.

Mkia ukitolewa, gari halifi. Linatembea kama kawaida, kwa miguu ya mbele peke yake. Mafundi wa mji wetu wana mazoea hayo: mtu akinunua fowili ya zamani, hajamaliza hata kuifurahia, fundi anamshauri aikate mkia ili isinywe mafuta sana. Wengi hukubali, na anayeishi tambarare hajutii. Mimi kazi yangu ilikuwa juu ya kilima.

Shemeji ni mdogo wa mume wangu, kitinda mimba wa mama mkwe, na kitinda mimba ukimjua mmoja umewajua wote. Nilipoolewa nilimkuta kibarazani kwetu anaziba pancha za baiskeli, ndevu zake bado zinaomba ruhusa ya kuota. Chakula chake nilipika mimi, na suruali zake zenye solusheni nilifua mimi. Kutoka baiskeli akapanda kwenye pikipiki, kutoka pikipiki akapanda kwenye magari, hadi akapata kiwanja nyuma ya duka la mbao. Akaweka mabati juu, akachimba shimo chini, akaning'iniza tairi getini, ikawa gereji.

Nisimnyime sifa zake, maana mwenye hasira akidanganya hasira yake huchacha. Ni mtu wa kupendeza. Mrefu, mwembamba, anatembea ameinama kidogo kana kwamba kuna nati imemwangukia njiani. Akifungua boliti huimba, akiifunga hunyamaza. Wateja wake wamejua, wakikaa kwenye benchi wakasikia kimya, basi gari linakaribia kupona. Mtu akiharibikiwa njiani atakwenda na spana zake mfukoni hata kama chakula kimeshapakuliwa. Grisi ya vidoleni mwake haijawahi kutoka, hata kwenye arusi ya binti yake alimshika mkwewe mkono akamwachia kumbukumbu.

Kasoro yake ni moja. Anapenda gari la kuvuta mbele kama wengine wapendavyo timu ya mpira. Gari lake la kwanza lilikuwa la namna hiyo, chakavu, mlango wa dereva umefungwa kwa waya, lakini lilimfikisha kila alikotaka, na tangu siku hizo ukimtajia fowili anakunja uso kama aliyelamba ndimu. Gereji nzima inamwita Fundi Mbele, na jina analipokea kwa mikono miwili.

Mimi ni dobi. Kwa miaka mingi nimefua mashuka ya zahanati iliyo juu ya kilima, na kilima chenyewe ni cha udongo mwekundu, kina kona moja mbaya katikati, penye tangi la maji. Mvua ikinyesha pale panakuwa kama mche wa sabuni uliosahauliwa kwenye beseni, na mimi sabuni naijua. Kwanza niliyabeba mashuka kichwani. Kisha nikayasukuma kwa toroli. Kisha, kwa jasho la kufua na kupiga pasi, nikasema nitanunua gari, na nikasema nataka fowili.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na uwanja wake ulikuwa meza ya mama mkwe, maana kila Jumapili sote hula kwake. Shemeji alikuwa akibisha huku amejaza mdomo. Alisema fowili ni mzigo: propela nzito, bonge zito la giya nyuma wanaloliita difu, viungo vingi, na kila kiungo ni mgonjwa wa kesho. Alisema gari la mbele ni jepesi, linakula kidogo, spea zake zimejaa kila duka. Akamalizia kwa kuninyooshea kijiko.

"Shemeji, gari ni kama ng'ombe. Hukokota kwa mbele."

"Ng'ombe gani huyo anayekanyaga kwa miguu miwili?" nikamuuliza.

Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. Nikanunua fowili.

Msimu wa kwanza wa mvua ulinipa haki yangu. Nilikuwa nakunja kiti cha nyuma, nashindilia mafurushi ya mashuka mpaka kwenye kioo, na gari likikaribia kilima unasikia uzito ule unayakandamiza magurudumu ya nyuma chini, nayo yanang'ata udongo, yanasukuma. Ile ndiyo tofauti, na haitaki hesabu. Kwenye mpando, gari lote huegemea nyuma. La kuvuta mbele linapoinua pua, miguu yake ya kazi inabaki mepesi, inakwaruza hewa. Fowili linaegemea mguu unaofanya kazi. Kwenye lami iliyokauka sikatai, shemeji alikuwa na hoja. Hapo gari lake lilikuwa linanishinda kwa kula mafuta kidogo na kupiga makelele kidogo. Lakini mashuka hayalali kwenye lami.

Siku moja ya mvua naye alipanda kilima kumfuata mteja, akakwama kwenye kona ya tangi. Pale hukaa wapasua kokoto, wanaume kwa wanawake, chini ya turubai lao, na midomo yao ina kazi zaidi ya nyundo. Nilipofika nilimkuta nje, viatu vimemezwa na tope, magurudumu ya mbele ya gari lake yamejichimbia kaburi. Nilitoa kamba yangu ya kuanikia, ile nene, tukaifunga mara mbilimbili, nikamvuta mpaka juu. Wapasua kokoto walipiga makofi. Jumapili iliyofuata nilikisimulia kisa hicho mezani, nikatia chumvi kiasi cha mboga, na shemeji akacheka pamoja nasi. Nilidhani amecheka.

Kabla ya mvua nyingine kuanza alikuja nyumbani mwenyewe, akaniambia nimwachie gari alibadilishie oili na kulikagua breki. Nikampa ufunguo na chai. Alilirudisha limeoshwa mpaka kwenye mikunjo ya milango. Tena hakuja mikono mitupu. Begani alikuwa na chuma kirefu, kimepakwa rangi ya kijani, kimezidi kidogo urefu wa mikono yangu nikiitandaza.

Alisema ameona nguzo ya kamba zangu imechoka, ule mti wa kukingama juu yake umeoza, akaona aniletee kitu cha kudumu. Akapanda kwenye ngazi akakifunga yeye mwenyewe kwa waya, juu ya nguzo, kikakaa kama mabega juu ya mwili. Kila ncha ya chuma kile ilikuwa na masikio mawili ya chuma yaliyosimama, yenye matundu, na kamba ikipita humo haitelezi ng'o. Nilimshukuru. Nilimwambia mume wangu kuwa mdogo wake ana moyo. Kila asubuhi tangu siku ile nilikuwa nikiingiza kamba kwenye masikio yale, nakaza, naanika.

Mvua ikaja. Siku ya kwanza, kwenye kona ya tangi, gari langu lilinyanyua pua, likakoroma, likaanza kurudi nyuma polepole kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilijaribu tena. Likateleza tena. Wapasua kokoto wakasimamisha nyundo. Ilibidi watoke wanisukume, na mashuka ya wagonjwa yakafika huku mimi nimepakwa tope hadi kwenye nyusi.

Nikaenda gereji nikamweleza shemeji. Hakufungua hata boneti. Aliniangalia kwa huruma, ile huruma ya daktari.

"Ni mguu wako, Shemeji. Unakanyaga mafuta kama unayekanyaga mende."

Sikubishana. Yeye ni fundi, mimi ni dobi, na gari lilikuwa limetoka mikononi mwake juzijuzi likiwa zima. Nani angefikiri kulala chini ya gari lake kuangalia kama tumbo limekamilika? Dashibodi haina taa ya kukwambia mkia wako haupo.

Akajitolea kunifundisha. Jumapili baada ya chakula tulikuwa tunakwenda kilimani, yeye amekaa kando yangu ameshika mkanda, na mafunzo yakatiririka. Nianzie mbali nije na kasi. Nisiinue mguu katikati ya kona. Nipunguze upepo wa matairi. Mafurushi mazito niyaweke kiti cha mbele. Msinione mjinga; mafunzo yote yalikuwa ya kweli. Yalikuwa tu ya gari jingine. Alikuwa ananifundisha kuendesha gari la kuvuta mbele ndani ya gari nililolinunua ili nisihitaji mafunzo hayo, na uso wake haukutetereka.

Mafunzo yaliposhindikana akaniletea dawa ya mwisho. Gari la kuvuta mbele, likishindwa mpando kwa uso, hupandishwa kwa rivasi. Ukiligeuza, ile miguu ya mbele inakuwa upande wa chini, uzito wote unaiangukia, inapata nguvu. Hakuniambia hayo ya gari la mbele. Aliniambia tu kwamba kuna madereva ambao miguu yao haijakomaa, na kwao rivasi ni rahisi zaidi. Basi nikapanda kilima kinyumenyume. Shingo imejipinda, mdomo wazi, kisigino kwenye klachi, mimi na umri wangu huu, napanda kwenda zahanati nikiwa nimeipa mgongo dunia. Na gari likapanda.

Wapasua kokoto walianguka juu ya kokoto zao kwa kucheka. Mwanamke mmoja mwenye kilemba cha gunia akaniita Mama Kinyumenyume, na kabla sijafika juu jina lilikuwa limeshashuka chini. Lakini aliyelipeleka mbali si yeye. Ni shemeji. Alilipeleka dukani, alilipeleka gereji, akalileta mezani kwa mama mkwe, na mume wangu akacheka, nami nikacheka, kwa kuwa mtu akichekwa kwa kosa lake mwenyewe hana pa kukasirikia.

Kupanda kinyumenyume kuna shida yake kwa dobi. Mafurushi yakijaa nyuma huoni. Nikawa nafunga ule mlango mkubwa wa nyuma kwa kamba ubaki juu, ili nichungulie kati ya mafurushi. Siku nyingi ilifaa. Siku moja mvua haikutoka juu, ilitoka ubavuni, ikaingia garini kama mgeni rasmi. Nilipofika getini na kushusha, furushi la juu lilikuwa linachuruzika na la chini limekunywa tope lililorushwa na lori lililonipita kwa pupa. Zahanati ilikuwa imejaa siku ile. Nilimwona mzee mmoja amelazwa juu ya godoro la plastiki, hana kitu chini yake, amejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa.

Muuguzi mkuu, ambaye sote tunamwita Sista, si mtu mbaya. Tumefahamiana tangu enzi za toroli. Alinipeleka kando, karibu na bomba la kunawia, akaongea kwa sauti ya chini.

"Mama, wagonjwa hawawezi kusubiri ujifunze gari."

Kazi ikapewa mtu mwenye pikapu, anayepeleka mashuka mjini kwenye mashine. Nililia njiani nikirudi, na njia ya kurudi angalau niliiendesha nikitazama mbele.

Baada ya hapo nililiegesha gari chini ya kivuli cha nyumba, nikalifunika kwa shuka kuukuu. Nikabaki kufua nguo za majirani na kuzipeleka kwa miguu. Mume wangu, ambaye hakujua lolote na hilo nimelithibitisha, alinifariji kwa namna yake. Alisema si lazima kila mtu awe dereva. Wengine Mungu amewapa mikono. Jumapili mezani hakuna aliyegusia tena fowili. Shemeji alikuwa ananiongezea nyama kwenye sahani. Nilidhani ni wema.

Na ovaroli za gereji yake niliendelea kuzifua. Bure, tangu alipofungua gereji, kwa kuwa ni shemeji. Ovaroli ya fundi si nguo, ni adhabu. Unailoweka, unaisugua, unaipiga juu ya jiwe, na bado inakutazama kwa jicho jeusi.

Kiangazi kilipokaza nilizipeleka siku moja zikiwa zimekunjwa, zimebebwa kichwani. Gereji ilikuwa na gari moja tu juu ya vigogo, pacha wa langu kabisa isipokuwa rangi. Shemeji alikuwa chini yake, miguu tu inaonekana, anaimba. Kwa hiyo anafungua. Mteja, muuza magodoro mmoja mnene mwenye uso wa furaha, alikuwa kwenye benchi anakula karanga.

Nikaweka ovaroli. Nilipoinama macho yakaingia chini ya gari. Nikaona chuma kirefu kinapita katikati ya tumbo. Nikakifuata kwa macho hadi nchani, na nchani nikayaona masikio yangu. Yale mawili yaliyosimama, yenye matundu. Mtu anaweza kusahau sura ya jirani, lakini kitu ulichokipitishia kamba kila asubuhi vidole vinakikumbuka kabla ya macho.

Nikamuuliza muuza magodoro kile kirefu ni nini.

"Mkia huo, mama. Naukata leo," alisema, akanipa karanga. "Nilikuwa naogopa, lakini fundi amenitoa wasiwasi. Amesema amemkatia hata shemeji yake mwenyewe, na mpaka leo mwanamke hajui."

Chini ya gari wimbo ukakatika.

"Ni kweli," nikamwambia. "Hakujua."

Nikala ile karanga, kwa kuwa sikujua nifanye nini nayo, nikaondoka. Miguu iliyokuwa chini ya gari haikutikisika. Nyuma yangu kulikuwa kimya, na safari hii hakuna boliti iliyokuwa inafungwa.

Nyumbani nilivuta ngazi, nikachukua kisu cha jikoni, nikakwangua. Chini ya kijani kulikuwa na weusi, na chini ya weusi grisi iliyoganda, harufu yake ile ile niliyoisugua kwenye ovaroli maisha yangu yote. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo zenyewe nilikuwa nikizianika juu yake.

Nilizifungua kamba moja moja. Nilikishusha chuma. Sikumwambia mume wangu chochote mpaka Jumapili, na Jumapili nilikifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa, nikakibeba begani hadi kwa mama mkwe. Watu walikuwa wameshakaa. Nikakilaza juu ya meza, katikati ya bakuli na glasi, ncha moja kwa mama mkwe, ncha nyingine mbele ya sahani ya shemeji.

"Hicho ni nini, mkwe wangu?" mama mkwe akauliza.

"Mkia, mama. Mwanao atakueleza ulitoka kwa mnyama gani."

Shemeji alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama mahali gari lake lilipokwama. Kisha akaeleza. Alieleza vizuri, maana ni fundi na anajua kupanga vitu. Siku niliyomvuta kwa kamba iliendelea kumchoma. Akataka kunionyesha kwamba hata nikiwa na fowili sijui tofauti, ni jina tu ninalolipenda. Akautoa mkia, akakusudia kunyamaza hadi mvua ziishe, kisha atangaze mezani kuwa nimepanda kilima msimu mzima kwa miguu ya mbele na sikugundua. Angekuwa ameshinda ubishi milele. Propela ilikuwa na vipande viwili, na kile kifupi kiko gereji, nyuma ya kopo la misumari. Kirefu aliona kitanifaa kwenye kamba, tena siku ya kutangaza angekionyesha juu ya nguzo, watu wakacheka zaidi.

"Ilikuwa tuje tucheke, Shemeji," alisema.

"Na niliposhindwa siku ya kwanza?"

"Nilijua utazoea."

"Na mashuka yalipolowa? Na kazi ilipopotea?"

Akageuza kijiko juu, akakigeuza chini. "Niliona haya."

"Haya ilikuzuia kusema kweli," nikamwambia. "Haikukuzuia kunifundisha rivasi."

Hakuna aliyekula. Mume wangu alikuwa anatazama mikono yake, anakumbuka vicheko vyake, nafikiri. Mama mkwe hakuinua sauti. Alimwambia kitinda mimba wake achukue chuma chake kutoka kwenye meza yake akakirudishe alikokitoa, na chakula chake kingemsubiri. Siku hiyo kilimsubiri mpaka kikaganda.

Alikirudisha. Nilisimama pale pale gereji nikiangalia, nimekunja mikono, mpaka boliti ya mwisho. Hakuimba wakati wa kufungua wala wakati wa kufunga. Alibadilisha na krosi, vile viungo vyake vya nchani, akatia grisi mpya, akataka kunibadilishia na taa moja iliyopasuka. Nikamwambia taa haikunikosea. Na nilimwambia jambo ambalo hata leo nalisema: angeniuliza, huenda kiangazi ningekubali mwenyewe tuutoe, tukaurudisha mawingu yakijikusanya. Gari la kuvuta mbele si gari baya. Baya ni kuamuliwa miguu yako na mtu mwingine, kisha ukaambiwa huna miguu.

Mvua ya kwanza ya msimu huu ilipokuja nililifunua gari. Nilijaza nyuma mablanketi yangu mwenyewe yaliyolowa, mazito kuliko mashuka yoyote, nikaenda kilimani. Kwenye kona ya tangi lilinyanyua pua, likaegemea nyuma, na nikasikia nyuma ikipokea. Likang'ata. Likapita kona kana kwamba hakujawahi kuwa na kona. Nililia tena, nikacheka, nikapiga honi bila sababu.

Yule mwanamke mwenye kilemba cha gunia akainua nyundo kunisalimia.

"Mama Kinyumenyume, leo umegeuka?"

Nikasimama nikamweleza habari ya mkia. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema hata yeye nyundo yake ikikosa kokoto huilaumu nyundo. Wenzake wakacheka. Nikapanda hadi kwa Sista. Naye nikamweleza, tukiwa pale pale kwenye bomba la kunawia, nikamwambia kazi yangu naiomba tena. Alinishika bega. Alisema mwenye pikapu analeta mashuka makavu, na kila mwenye gari husema kosa ni la gari. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyomwambia mgonjwa anayedai amemeza dawa zote. Lakini aliongeza kwamba fundi mwenyewe akija kusema, atamsikiliza.

Hapo nikaelewa kwamba neno langu katika jambo hili halina uzito, kama magurudumu ya mbele kwenye mpando. Linazunguka tu. Neno lenye uzito liko kwa mtu mwingine, na mtu huyo amekaa nalo.

Shemeji nimemwambia. Kwanza alisema atakwenda barabara ikikauka. Kisha kuna gari la mteja. Kisha akamtuma mume wangu aniulize kama haitoshi kwamba amekiri mbele ya mama. Haitoshi. Mezani jina halikuzaliwa, mezani lilinenepeshwa tu. Mume wangu naye nilimwambia kwamba vicheko vyake nimevisamehe kwa kuwa alidanganywa kama mimi, lakini ujumbe asinibebee tena.

Nguzo ya kamba zangu sasa ina mti wa kukingama, nimeukata mwenyewe, na kamba zinateleza kidogo, nitazoea. Mkia uko chini ya gari langu, na ukichungulia utaona masikio yake bado yana rangi ya kijani, maana grisi haikuifuta yote. Chuma kimerudi, hicho simdai tena mtu.

Kinachobaki kinadaiwa kwa shemeji yangu, Fundi Mbele, mdogo wa mume wangu, niliyempikia tangu enzi za pancha. Anadaiwa kupanda kilima. Aende kwa gari lake au kwa miguu, kwa uso au kwa kinyumenyume, hiari yake. Asimame kwanza kwenye kona ya tangi, mbele ya wapasua kokoto, kisha kwenye bomba la kunawia mbele ya Sista, aseme kwa mdomo uleule uliolisambaza jina: haukuwa mguu wake, ulikuwa mkono wangu. Siku atakayoshuka kutoka huko ataniletea ovaroli zake. Mpaka hapo ziko kwake kwenye pipa la gereji, na mimi beseni langu liko hapa, kavu.